Mume wangu anachomea zebaki sebuleni, na pete yangu imegeuka nyeupe

Mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa miaka 27, naishi kwenye makazi ya wachimbaji wadogo mkoani Geita. Nina mtoto wa miaka 3 na ujauzito wa miezi 4. Mume wangu hana duara lake, yaani shimo la kuchimba dhahabu. Ananunua mifuko ya mawe, anasaga kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) la watu, anaosha mwaloni (eneo la kuoshea dhahabu), halafu anakamatia dhahabu kwa zebaki. Mchanganyiko huo anaubana kwa kitambaa hukohuko hadi ubaki kidonge, ila kuchoma anachomea nyumbani usiku, kwa sababu akichoma mwaloni kila mtu anajua amepata kiasi gani. Anaweka kidonge kwenye kopo la maziwa lililokatwa, juu ya jiko langu la mkaa. Mlango unafungwa, dirisha linaachwa wazi kidogo. Ni mara mbili au tatu kwa wiki, huu mwaka wa pili. Tuna chumba na sebule ndogo, na kati yake ni pazia tu.

Kitambaa cha kubania nakifua mimi, kwenye beseni moja na nguo za mtoto. Wiki tatu zilizopita pete yangu ya ndoa, ambayo ni ya dhahabu, imegeuka nyeupe upande mmoja. Nimeisugua kwa sabuni na majivu, haitoki. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mume wangu mikono inamtetemeka, akishika kikombe chai inamwagika kwenye sahani. Halali, na amekuwa mkali kwa vitu vya ajabu, juzi kagombana na mtoto kwa sababu ya kijiko. Fizi zinamtoka damu, anasema mdomoni anasikia ladha ya chuma. Mimi kichwa kinauma asubuhi. Mtoto wiki iliyopita alianza kukohoa usiku uleule wa kuchoma, kulipokucha ana homa. Zahanati walipima malaria hakuna, wakampa dawa ya kifua.

Nikimwambia, anajibu kwamba zebaki wameishika tangu wazee wao, na yeye kila akimaliza kuchoma anakunywa nusu lita ya maziwa, yanaosha sumu. Nikizidi kusema ananiuliza, "Kwa hiyo tule nini?" Na kweli sina jibu.

Nisaidieni: haya ni zebaki au natafuta mchawi? Tupime nini, na wapi? Nihame? Mimba yangu ina usalama? Nimwambieje huyu mwanaume? Na pete nifanyeje, maana jirani kaniambia niiweke kwenye mkaa wa moto, weupe utatoka wenyewe.

Mama wa mmoja, wa pili njiani, Geita

JIBU

Dada, pole sana, na umefanya vizuri kueleza bila kuficha. Mambo mawili kabla hujasoma zaidi: hiyo pete usiitie motoni, na usiku wa leo kidonge kisichomwe ndani ya nyumba. La pete tutalirudia mwishoni. La moto haliwezi kungoja umalize kusoma.

Pete imekupa jibu ambalo zahanati hawakuwa nalo. Zebaki hushikana na dhahabu, na ndiyo sababu mumeo anaitumia. Ikigusa pete, inajipenyeza kwenye dhahabu ya juu na kuigeuza nyeupe, vilevile inavyofanya kwa chenga za dhahabu kwenye karai la kuoshea. Sabuni haiitoi kwa sababu huo weupe si uchafu uliokaa juu, ni madini mawili yaliyoungana. Inaelekea imetoka kwenye kitambaa cha kubania, ikashuka kwenye beseni, na wewe ukaingiza mkono.

Ila hiyo zebaki ya majimaji, inayokimbia sakafuni kama shanga, si ndiyo ya kuogopwa zaidi. Hata mtu akiimeza, karibu yote hupita na kutoka na choo. Kinachoua ni mvuke wake. Mvuke ukivutwa, kama asilimia 80 yake hubaki mwilini: unapita mapafuni, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito unavuka kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Hauna rangi wala harufu. Ule moshi mweupe anaouona juu ya kopo ni sehemu iliyokwisha kupoa. Usioonekana umeshapita pazia.

Piga hesabu pamoja nami. Kidonge kilichobanwa vizuri kina karibu nusu dhahabu na nusu zebaki. Kikiwa na gramu 12, gramu kama 6 zitaingia hewani. Tuseme nafasi yenu yote ni mita 3 kwa 4, na kimo mita 2.5: hiyo ni mita za ujazo 30. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 1 ya mvuke wa zebaki kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Sasa hata kama asilimia 99 ya zile gramu 6 ingetoka dirishani, na haitoki, asilimia 1 inayobaki ni mikrogramu 60,000. Gawa kwa 30. Ni mikrogramu 2,000 kwa kila mita ya ujazo, mara elfu mbili ya mwongozo. Utasema huo ni usiku mmoja na mwongozo ni wa mwaka. Shida ni kwamba usiku ukiisha zebaki haiondoki. Inagandia kwenye bati, ukuta, chandarua, godoro, na kushuka sakafuni anakochezea mtoto. Kesho jua likipiga bati, inapanda tena hewani. Nyumba yenu inachoma hata siku ambazo mumeo hachomi.

Kuhusu dalili. Kutetemeka vidole, kukosa usingizi, fizi kutoka damu, ladha ya chuma, kusahau, hasira za ghafla: kwa mtu anayechoma zebaki mwaka wa pili, picha hiyo inajulikana vizuri. Hasira nayo imo. Zebaki ikikaa kwenye ubongo hubadilisha mwenendo wa mtu, kwa hiyo ule ugomvi wa kijiko usiuhesabu wote kuwa tabia yake. Hata hivyo mkono hutetemeka pia kwa pombe, kwa ugonjwa wa tezi ya shingo au kwa baadhi ya dawa, na ndiyo maana kipimo kinahitajika.

Kikohozi cha mtoto kimenitia wasiwasi kuliko mikono ya baba yake. Mvuke mwingi kwa mkupuo huunguza mapafu. Saa chache baadaye huja kikohozi, kifua kubana, kichefuchefu na homa, na mtu yeyote wa kanda ya ziwa akiona hivyo atafikiria malaria kwanza. Mwaka 1989 katika jimbo la Michigan, Marekani, mtu mmoja aliyeyusha amalgamu ya meno (madini ya kuzibia meno, yenye zebaki na fedha) kwenye chumba cha chini ya nyumba yake ili apate madini ya fedha. Watu wazima wote 4 wa nyumba ile walikufa kwa mapafu kushindwa kazi, ingawa walifika hospitali na kupewa dawa. Kwa hiyo mtoto akianza kupumua harakaharaka, mbavu zikiwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, au midomo ikibadilika rangi, ni hospitali usiku huohuo. Na neno la kwanza mlangoni liwe: "Kumechomwa zebaki ndani." Usipolisema, watamtibu nimonia ya kawaida. Angalia pia viganja na nyayo: vikiwa vyekundu, vinachubuka, na mtoto anatoka jasho jingi na kulialia bila sababu, hiyo nayo ni sura ya zebaki kwa watoto.

Maziwa hayasaidii, na kosa lake liko wazi: maziwa yanakwenda tumboni, sumu iko mapafuni na kwenye damu. Hazikutani. Maziwa mpe mtoto, yatamjenga. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali nayo haizuii mvuke, inazuia vumbi tu.

Kipimo mnachohitaji ni cha mkojo, si cha damu ya kidoleni wala cha nywele. Nywele huonyesha zaidi zebaki inayoingia kwa kula samaki, mkojo ndio unaoonyesha ya kuchoma. Sampuli iwe ya mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwenye chupa safi ya plastiki kutoka maabara. Kabla ya kukojoa mumeo aoge, avae nguo ambazo hazijafika mwaloni na aoshe mikono hadi kwenye kucha. Chembe moja ikidondoka kutoka kwenye kucha, majibu yatasoma juu kwa uongo na mtatishika bure. Waombe wapime pia kreatinini, taka ya kawaida ya mwili, kwenye mkojo huohuo, kwa sababu mtu aliyekunywa maji mengi hutoa mkojo mwepesi na zebaki huonekana ndogo kuliko ilivyo. Majibu yakija kwa mikrogramu kwa gramu ya kreatinini, yasome hivi: chini ya 5 hakuna la kuhangaikia, kati ya 5 na 20 chanzo kitafutwe na kipimo kirudiwe, na zaidi ya 20 mtu aache kabisa kuvuta mvuke na aonwe na daktari. Mpimwe wote watatu.

Zahanati hawana kipimo hiki. Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa ukiwa na maelezo yako kwenye karatasi, uombe rufaa. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya Kanda ya Ziwa Mwanza, na mamlaka hiyohiyo ndiyo yenye kituo cha taifa cha kuratibu matukio ya sumu. Wapigieni kwanza, muulize sampuli inapokelewa siku gani na kwa bei gani, ndipo mkate tiketi.

Mkingoja majibu, kuna jambo la kufanya mezani. Fungua kiberiti, kiweke mbele ya mumeo. Panga njiti 10 kulia na 10 kushoto, umbali wa kama sentimita 15 kutoka kwenye kiberiti. Azirudishe ndani moja moja, mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia, huku unahesabu sekunde kwenye simu. Watafiti wa zebaki hutumia jaribio hili kwenye makazi ya wachimbaji. Haliwezi kusema ana zebaki au hana, lakini ukiandika sekunde zake kila Jumapili, baada ya miezi miwili utaona kama mkono unatulia au unaharibika. Na yeye ataona. Mwanaume anayebishana na maneno ya mkewe huwa hana la kubishana na njiti za kiberiti.

Sasa mimba. Nusu ya zebaki iliyomo mwilini hutoka kwa kama siku 60, ile iliyoingia kwenye ubongo ndiyo hukawia. Ukitoka kwenye mvuke leo, ukiwa na miezi 4, ukifika mwezi wa 6 mwili wako utakuwa umepunguza karibu nusu, na mwezi wa 8 itabaki kama robo. Huo ni muda wa maana sana kwa mtoto, mradi hakuna mpya inayoingia. Kliniki waambie waandike kwenye kadi kwamba umeishi na uchomaji wa zebaki, wapime protini kwenye mkojo na shinikizo la damu kila hudhurio, kwa sababu figo huguswa mapema. Dawa za kutoa zebaki mwilini zipo, kama saksima, lakini huamuliwa na daktari bingwa baada ya majibu, na kwa mjamzito uamuzi huo ni mzito zaidi. Usinunue "dawa ya kusafisha damu" ya mtaani. Kingine: mtu akiwa bado analala kwenye mvuke, dawa ya kuitoa ni kuchota maji kwa pakacha.

Je, uhame? Ndiyo, wewe na mtoto, kwa muda. Tafuta pa kulala kwa ndugu au jirani mpaka nyumba isafishwe. Usisafishe wewe, na mtoto asiwepo.

Atakayesafisha afungue milango na madirisha yote, afanye kazi asubuhi na mapema kabla bati halijapata joto. Ufagio ni mwiko: ufagio huvunja tone moja kuwa matone mia, na kila tone hutoa mvuke. Matone yanayoonekana yasogezwe kwa kipande cha karatasi ngumu hadi yaungane, yachotwe, yatiwe kwenye chupa nene ya plastiki yenye maji kidogo juu yake. Madogo yanaswe kwa gundi ya karatasi, ile selotepu pana ya maboksi. Kama sakafu ni ya udongo, inyunyizwe maji ili vumbi lisiruke, kisha ikwanguliwe sentimita 5 hivi, na pale lilipokaa jiko sentimita 10. Udongo huo uingie kwenye ndoo au viroba viwili viwili, uwekwe mbali na kisima na watoto, na afisa mazingira wa halmashauri aulizwe pa kuupeleka. Udongo huo usimwagwe chooni, mtoni wala shambani. Kama ni saruji, zebaki imejificha kwenye nyufa. Kwangua nyufa, kisha piga saruji mpya juu. Duka la pembejeo wakiwa na unga wa salfa, ule wa kupulizia mikorosho, unaweza kunyunyizwa kwenye nyufa usiku mmoja kabla. Hushikana na zebaki na kupunguza mvuke, ingawa peke yake hautoshi.

Kuta na bati zipanguswe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kuanzia juu kwenda chini, na vitambaa vitupwe pamoja na ule udongo. Jiko lililochomea lisipikie tena, pamoja na majivu yake. Kopo na kijiko chochote kilichogusa kidonge vivyo hivyo. Kagua masufuria ya alumini: yakiota unga mweupe unaochomoza kama ukungu wa mkate, zebaki imeshayala, tupa. Chandarua badilisha. Godoro ndilo gumu, najua bei yake. Ukiweza, libadilishe, angalau la mtoto. Ukishindwa, litolewe nje mbali na watu likae juani na upepo siku kadhaa, na lisirudi kabla sakafu haijamalizika. Kitambaa cha kubania kisifike nyumbani tena, wala nguo za kazini. Beseni lile libaki la mwaloni.

Nimerefusha kwenye nyumba kwa sababu wengi huhamisha moto nje, kisha wanaendelea kulala kwenye chumba kilekile na kushangaa dalili haziishi.

Sasa tuje kwa mumeo, na swali lake la "tule nini". Ni swali la haki, na ukimjibu "acha zebaki" umeshindwa kabla hujaanza. Mwambie hivi: "Sikukatazi kazi. Nataka moto utoke ndani, na zebaki yako irudi kwenye chupa." Hilo la pili litamfanya asikilize, kwa sababu zebaki ni pesa. Kila akichoma kwenye kopo anapeperusha alichonunua. Kifaa cha kuirudisha kinaitwa retoti, na ikitumiwa vizuri hurudisha zaidi ya sehemu 9 kati ya 10.

Fundi bomba anaweza kuitengeneza. Inatakiwa kikombe kinene cha chuma, kwa mfano kifuniko cha bomba la nchi moja na nusu chenye nyuzi, kiungio cha kupunguza kinachofungwa juu yake, elbo (kiungio cha kona), na bomba la nusu nchi lenye urefu wa kama sentimita 60 linaloinama kwenda chini. Kiwe chuma cheusi. Shaba, shaba nyeupe na alumini zisikaribie, zebaki huzila. Bomba la mabati lina zinki: kama hamna jingine, lichomwe kwanza tupu, mahali pa wazi, mpaka lile pambo la kung'aa liishe, na mtu asimame upande upepo unakotokea. Kwenye nyuzi wasizungushe utepe mweupe wa mafundi bomba, unaungua na kutoa sumu yake. Wapake uji mzito wa majivu na udongo wa mfinyanzi. Kabla ya kutumia, wapulize kwa mdomo ikiwa mpya na baridi, maji ya sabuni yakiwa kwenye viungo. Povu likitokea, pana mwanya.

Makosa matatu huwafanya watu waitupe retoti na kurudi kwenye kopo. La kwanza ni kuzamisha mdomo wa bomba ndani ya maji. Kikombe kikianza kupoa hunyonya maji, yakifika kwenye chuma cha moto yanalipuka. Mdomo ukae juu ya maji kidogo tu, na bomba lizungushiwe kitambaa kinachomwagiwa maji baridi wakati wote. La pili ni kuweka moto chini peke yake. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi, ikifika kwenye kifuniko kilicho baridi inadondoka tena ndani, na mtu anasema "haitoki". Mkaa uzunguke kikombe hadi juu ya kifuniko. La tatu ni haraka. Matone yakikoma, angoje dakika 10 nyingine, agonge bomba polepole matone yaliyoganda yatoke, atoe motoni, na asifungue mpaka aweze kukishika kwa mkono mtupu. Anayefungua kikiwa cha moto anavuta kwa mkupuo mmoja kile alichokwepa saa nzima. Ili dhahabu isigande chini, kikombe kipakwe ndani uji mwembamba wa majivu, ukauke kwanza.

Atakuja na malalamiko mawili ya kweli. Moja, dhahabu ya retoti hutoka na rangi ya kahawia na mnunuzi anakata bei. Rangi hiyo iko juu tu, huisha ikiyeyushwa kwa boraksi, unga mweupe wa kuyeyushia dhahabu. Lakini dhahabu iliyotoka motoni bado hubaki na zebaki asilimia 2 hadi 5, kwa hiyo asikae kwenye kibanda cha mnunuzi inapoyeyushwa, na wewe usikae kabisa. Pili, zebaki iliyorudi "imechoka", inagawanyika vipande vipande na haikamati. Hilo lina dawa ya bei ndogo: zebaki ndani ya bakuli la plastiki, juu yake maji yenye chumvi ya mezani, gramu 100 kwa lita moja. Waya wa hasi wa betri ya volti 12 uguse zebaki, waya wa chanya ufungwe kwenye ile nondo nyeusi ya kaboni inayotolewa ndani ya betri kubwa ya tochi, nayo ikae kwenye maji bila kugusa zebaki. Dakika 10 hadi 20, zebaki hujikusanya na kung'aa kama mpya. Afanyie nje, maana hutoka gesi ya klorini inayokaba koo, na aitumie siku hiyohiyo.

Kuhusu kuonwa na watu, hofu yake ninaielewa kuliko hiyo hoja ya maziwa. Retoti yenyewe inamsaidia: hakuna anayeona kilichomo. Kama ana washirika, wapime kidonge kwenye mizani kabla ya kufunga na wapime dhahabu baada ya kufungua, wote wakiwepo. Mahali pawe nje ya makazi, mbali na jiko, kisima na njia ya shule. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja kuchoma kidonge wazi na kuchoma kwenye makazi kuwa kati ya mambo manne ya kukomeshwa. Sikwambii umtishe na sheria; ni vizuri tu ajue kwamba akikutwa sebuleni hatakuwa na pa kujitetea. Chupa ya zebaki nayo isikae ndani. Iwe ya plastiki nene, kifuniko cha kukaza, juu ya zebaki kuwe na maji, na iwe ndogo: robo lita ya zebaki ina uzito wa kilo 3.4, chupa ya soda ikidondoka inapasuka.

Akishazoea retoti, hatua inayofuata ni kuosha makinikia (mchanga mzito wenye dhahabu) vizuri zaidi kabla ya zebaki, ili atumie kidogo, au kuyeyusha kwa boraksi bila zebaki kabisa kama wanavyofanya wachimbaji wa Benguet, Ufilipino. Hiyo inataka makinikia safi sana na mkono uliozoea karai, basi isiwe vita vyenu vya wiki hii.

Pete. Iweke kwenye kichupa cha kioo chenye kifuniko, kikae nje ya nyumba. Kuitia kwenye mkaa kungeondoa weupe kweli, kwa sababu zebaki ingeruka. Ingeruka kuelekea usoni kwako, ukiwa umeinama juu ya jiko. Mpelekee sonara anayefanyia kazi mahali pa wazi, umwambie kabla hajawasha moto kwamba ina zebaki, umwachie na uondoke. Pete ikiwa nyembamba itarudi na vishimo upande ule, na anaweza kuijazia. Ukivua kwa ajili ya kichupa, angalia chini ya hereni na mkufu wako pia.